Kiangazi cha Boti ya Severin

Jumamosi, 3 Mei

Daftari hili amenipa Sheldon, kijana anayemfundisha mume wangu kusema upya. Severin alipata kiharusi tarehe nane Machi akiwa ziwani Texoma, anavua. Sheldon anataka niandike kila siku presha na maneno mapya. Presha leo 146 kwa 90. Maneno mapya hakuna. Ukurasa umebaki mkubwa, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Severin ana miaka hamsini na minane. Alikuwa mhasibu hapa Dallas miaka ishirini na mbili, na kazi yote aliifanya kwa Kiingereza. Kiingereza hicho kimeondoka chote. Kiswahili kimebaki maneno thelathini na moja, nimeyahesabu. Mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta. Anatembea kwa fimbo.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa figo, kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nafika nyumbani saa tisa mchana, namkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya gereji, ameegemea boti.

Jumatano, 7 Mei

144 kwa 88. Hakuna neno jipya.

Ijumaa, 9 Mei

Barua ya chama cha wenye nyumba hapa mtaani. Boti haitakiwi kukaa mbele ya nyumba zaidi ya siku mbili. Imekaa miezi miwili. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilimwambia Severin tuiuze. Akasema, "Hapana." Nikamweleza kwamba daktari hajamruhusu kupanda boti, na akiruhusu hana mkono wa kuiendesha. "Hapana." Nikamuuliza nani ataiendesha. Akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto.

Jumanne, 13 Mei

Kwa Sheldon. Kijana anamwonyesha picha, Severin anataja. Kikombe, hakuweza. Mbwa, hakuweza. Sheldon alipotoa simu yake na kumwonyesha picha ya boti, Severin akasema: injini, nanga, chambo, mafuta. Maneno manne kwa dakika moja. Sheldon akaniambia, "Chochote mlichokuwa mnafanya na hii boti, kifanyeni."

Sikumwambia kwamba mimi sikuwahi kufanya chochote nayo. Tumetoka Kibosho, mlimani. Utotoni samaki tuliyemjua ni dagaa wa kufungiwa kwenye gazeti. Hili la uvuvi Severin alilianzia hapa, na aliyemwanzisha ni rafiki yake Kibet.

140 kwa 88.

Jumamosi, 17 Mei

Kibet amekuja kutoka Katy, mwendo wa saa nne na zaidi barabarani. Yeye ni Mkenya, anafanya kazi katika ofisi ya mabomba ya gesi huko Houston. Alisoma na Severin chuo kimoja miaka ya tisini. Tangu Machi amekuja mara tatu. Kila mara anakaa na Severin gereji nusu saa, anamkumbatia, anaondoka. Sijampenda sana. Anaongea mno, na kwa miaka kumi na tano amenichukulia mume Jumamosi.

Nilimwambia ninachotaka: daktari amesema ikifika Agosti na presha ikatulia, Severin anaweza kupanda boti kukiwa na watu wawili wazima ndani. Wa kwanza yeye. Wa pili mimi.

"Shemeji, wewe?" akasema.

"Mimi."

Alimtazama Severin. Severin alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Haya basi," akasema Kibet. "Tuanze na trela."

Mchana kutwa nilirudisha trela kinyumenyume kwenye maegesho ya kanisa. Ukitaka iende kulia, usukani unazungusha kushoto. Nilikanyaga nguzo mbili za plastiki za walinzi.

Jumapili, 18 Mei

Mabega yanauma. 142 kwa 86.

Jumamosi, 24 Mei

Tumetoka nyumbani DeSoto saa kumi na moja alfajiri, tumefika ziwani kabla ya saa moja. Severin amebaki na Glory, binti yetu, aliyekuja kutoka Houston kwa wikendi. Glory alipoona nimevaa buti akasema, "Mama, this is not safe." Nikamwambia aandike presha ya baba yake saa mbili na saa nane.

Texoma ni kubwa. Ukisimama upande wa Texas, ng'ambo ni Oklahoma, na kuna mahali huioni. Kibet alinifundisha kushusha boti, kufunga kamba gatini, kuwasha injini. Kila jambo alilisema mara tatu bila kukasirika. Sikutarajia.

Kwanza hukamatwa chambo: samaki wadogo weupe, shadi, kwa wavu wa kurusha. Unauma ukingo wa wavu kwa meno, unajizungusha, unaachia. Nilirusha mara tisa. Mara nane wavu ulianguka kama nguo iliyoloa. Mara ya tisa ulifunguka nusu, nikapata shadi sita. Kibet akarusha mara moja, akapata mia.

Samaki wenyewe wanaitwa straipa. Ni wa rangi ya fedha, wana mistari myeusi ubavuni, wanaishi makundi makundi. Nilipata mmoja. Alivuta kwa nguvu kuliko nilivyodhani, kisha akachoka, kama kila kitu.

Boti sasa tumeiacha huko huko, kwenye uwanja wa kutunzia. Barua ya chama imejibiwa.

Jumamosi, 31 Mei

Straipa wanne. Severin aliwala wawili kwa ugali na ndimu. Neno jipya: "mwiba".

Jumatano, 4 Juni

138 kwa 84.

Jumamosi, 7 Juni

Upepo wa kusini tangu alfajiri. Kibet aliyatazama maji akiwa gatini akasema hatutoki. Amesafiri tangu jana kutoka Katy kwa ajili ya kusimama gatini. Tulikunywa kahawa kwenye gari, tukarudi.

Nilimuuliza kwa nini anakuja kila wiki. Akasema, "Si Severin ni ndugu yangu." Halafu akanyamaza, na Kibet hanyamazi.

Jumamosi, 14 Juni

Niliendesha boti kutoka gatini hadi visiwani, na kurudi. Kibet alikaa mbele, mgongo wake kwangu, hakugeuka hata mara moja. Nadhani alifanya makusudi.

Samaki saba.

Alhamisi, 19 Juni

Severin amesema sentensi. "Leta maji baridi." Sheldon ameizungushia duara kwenye daftari.

Jumamosi, 28 Juni

Joto. Samaki wameshuka chini, futi arobaini. Kibet anasema majira haya ukimvuta straipa juu kutoka kwenye maji ya baridi huyo hawezi kuishi tena, hata ukimrudisha. Kwa hiyo usivue wa kucheza. Ukifikisha wa kutosha, kunja mshipi.

Nimeanza kumzoea huyu mtu. Ana namna ya kukupa kitu mkononi kabla hujakiomba. Niliyemdhania ni mzungumzaji tu, kumbe anaongea ili mwingine asijisikie mjinga. Leo nilimchoma kidole kwa ndoana kwa bahati mbaya. Akanisimulia hadithi ndefu ya ng'ombe wa babake huku damu inatoka, mpaka nikamaliza kumfunga.

Jumapili, 6 Julai

Presha 132 kwa 82. Glory amepiga simu, ameongea na babake dakika kumi. Alisema kwa Kiingereza, alijibiwa kwa Kiswahili. Wameelewana.

Jumanne, 15 Julai

Fomu za ulemavu zinataka nakala ya faili la hospitali ile ya karibu na ziwa. Nililiomba, limefika leo. Kurasa themanini na mbili. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama jikoni.

Imeandikwa: udhaifu wa mkono wa kulia ulianza saa moja na dakika kumi asubuhi, rafiki ameshuhudia. Mgonjwa alifikishwa saa sita na robo.

Ni muda wa saa tano na dakika tano.

Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Inatolewa ndani ya saa nne na nusu. Siku ile nilipofika daktari aliniambia muda umepita. Nilidhani ziwa liko mbali, nilidhani hakuna aliyeona. Kibet aliniambia, "Tulikuwa tunarudi, akaanguka." Sikuuliza zaidi. Mimi ambaye kazini nauliza kila mgonjwa mara mbili jina lake.

Sijamwambia Severin kitu. Nimepika, tumekula.

134 kwa 82.

Ijumaa, 18 Julai

Kibet amefika saa mbili usiku kama kawaida yake ya Ijumaa. Nimempa chakula.

Jumamosi, 19 Julai

Nilingoja tufike katikati ya maji. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu huko mtu hawezi kusema anakwenda kumwangalia fulani.

Nilizima injini. Alikuwa anachagua chambo ndani ya tangi. Nikamuuliza:

"Saa moja na dakika kumi kulikuwa na nini?"

Mkono wake ulibaki majini. Alielewa mara moja.

"Nani amekuambia, shemeji?"

"Faili."

Alijifuta mkono kwenye suruali, akakaa. Akanisimulia akiwa anatazama sakafu ya boti. Walikuwa wamesimama karibu na visiwa. Severin alikuwa ameshika kikombe cha chai. Kikombe kilianguka, chai ikamwagikia paja, na hakushtuka.

"Chai ilikuwa moto, na hakusikia," Kibet akasema. "Hapo nikaona mdomo umeenda upande. Nikamwambia, wacha twende. Akasema ni usingizi. Bado alikuwa anaongea. Baada ya dakika ishirini hivi mdomo ukarudi. Nikashukuru Mungu."

"Hukupiga simu."

"Nilitoa simu. Alinishika mkono na ule mzima. Akasema, usimpigie Apolonia."

"Hakusema hivyo."

"Alisema, shemeji."

"Mgonjwa wa ubongo hana haki ya kukataa kwa niaba ya ubongo wake. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Mdomo ukienda upande unapiga simu."

"Najua sasa."

"Mkaendelea kuvua?"

Alifunga mfuniko wa tangi la chambo.

"Tulivua. Saa tano na robo mkono ulilegea kabisa, akawa anaongea kama mlevi. Nikawasha injini. Tulipofika karibu na gati hakuwa anaongea."

"Mlipata wangapi?"

"Shemeji."

"Wangapi?"

"Sita."

Maji yalikuwa yametulia kabisa, ya rangi ya bati. Boti nyingine ilikuwa mbali, watu wake wanacheka, sauti inafika.

"Madaktari uliwaambia saa," nikasema. "Mimi uliniambia ameanguka mkirudi."

"Madaktari walikuwa watu nisiowajua. Wewe sikuweza."

Sikuwa na hasira kama wanavyoieleza watu. Nilikuwa nahesabu. Saa moja na dakika kumi, ongeza dakika arobaini mpaka gatini, ongeza ishirini za gari la wagonjwa. Saa mbili na dakika kumi yuko kitandani. Nilihesabu mara nyingi, jibu likawa lile lile. Kisha nikawasha injini nikaendesha hadi gatini. Hakunielekeza, wala sikuhitaji. Niliipandisha boti kwenye trela mwenyewe.

Kibet aliendesha gari hadi DeSoto. Alipofika hakuingia ndani. Nilisimama mlangoni nikamwambia asije tena. Alitikisa kichwa kukubali, akaondoka kwenda Katy.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda misa.

Ijumaa, 25 Julai

Severin saa mbili usiku: "Kibet?" Nikasema ana kazi.

142 kwa 88.

Ijumaa, 1 Agosti

"Kibet?" Nikasema ana kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa Sheldon. Severin hakutaja picha hata moja. Aligeuza kiti akatazama ukuta. Sheldon aliniuliza kama kuna kitu kimebadilika nyumbani. Nikasema joto.

Daktari amesema presha imepanda tena, ruhusa ya boti isubiri.

Ijumaa, 8 Agosti

"Kibet?"

Jumamosi, 9 Agosti

148 kwa 90. Nyuzi joto arobaini. Nyasi za mtaa mzima zimekuwa rangi ya mkate.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa mbili ilipofika hakuuliza. Alikaa akitazama mlango. Nikaona afadhali alipokuwa anauliza.

Nilizima televisheni nikakaa mbele yake nikamwambia yote: faili, saa moja na dakika kumi, kikombe, zile saa tano na dakika tano za kuchelewa. Nikamwambia dawa ipo na ingeweza kumrudishia mkono. Nikamwambia rafiki yake alikaa na simu mfukoni akavua samaki sita, na kwamba ndiyo maana nimemfukuza.

Severin alianza kutikisa kichwa kabla sijamaliza. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Alipiga goti lake kwa mkono wa kushoto.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi. Nilisema."

Nikangoja. Sheldon amenifundisha kutommalizia. Ni kazi ngumu kuliko ya hospitali.

"Usi... usimpigie. Mimi. Si yeye."

"Kwa nini, Baba Glory?"

Alihangaika muda mrefu, jasho likamtoka. Niliangalia saa ya ukutani. Zilipita dakika nne.

"Utanigombeza," akasema.

Neno jipya. Sikuliandika mpaka sasa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya gereji tupu. Ni kweli naigombeza nyumba hii. Nimemgombeza kwa chumvi, kwa bia, kwa vidonge anavyosahau. Mwaka juzi presha ilipofika 170 nilificha funguo za boti miezi miwili, na nilipozirudisha nilimwambia siku utakayougulia huko ziwani, nitaichoma. Nilisema kwa sababu nilitaka aishi. Yeye alisikia kwamba akiugua, asiniambie. Wanaume wawili wazima, mmoja anakufa nusu ya mwili, wanajadiliana jinsi ya kunikwepa.

Hilo halimtoi Kibet hatiani. Kuna mtu mmoja aliyekuwa na akili timamu kwenye boti ile. Lakini hesabu yangu ilikuwa na watu wawili, na walikuwa watatu, wa tatu mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilimpigia simu Kibet asubuhi. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Shemeji."

"Severin amesema."

"Amesema nini?"

"Kwamba ni yeye aliyekataa."

Nyuma yake kulikuwa na sauti za magari ya barabara kuu.

"Ni kweli alikataa," akasema. "Lakini simu ilikuwa yangu, na vidole vilikuwa vyangu. Usiniondolee hiyo."

"Sikuondolei."

"Sawa."

"Uje Ijumaa," nikamwambia. "Anatazama mlango."

Ijumaa, 22 Agosti

Amekuja. Severin alimpiga kofi dogo la shavu kwa mkono wa kushoto, kisha akamshika shingo. Niliwaacha nikaenda kukaanga mihogo. Wakati wa kula Kibet alimega, hakuongea. Severin ndiye aliyeongea. Maneno manane.

Jumatatu, 25 Agosti

136 kwa 84.

Ijumaa, 5 Septemba

134 kwa 82. Daktari amekubali. Muda wa saa tatu tu majini, kofia, maji ya kunywa, watu wawili wazima.

Jumamosi, 13 Septemba

Tulimpandisha Severin kwenye boti kwa kumshika kwapani, mmoja kila upande. Tulimvika jaketi la kujiokolea, tukamkalisha karibu na usukani. Mimi niliendesha. Asubuhi ilikuwa tulivu na samaki wamerudi juu; kaskazini ya visiwa maji yalikuwa yanachemka kwa straipa wanaofukuza shadi. Severin alishika fimbo ya kuvulia kwa kushoto, kitako chake kikiwa kwapani, Kibet akamzungushia rili ya kukunjia mshipi. Walipata wanne kwa njia hiyo. Niliwaangalia. Sikuwa na la kusema kuhusu chumvi wala jua.

Saa nne upepo wa kusini ulianza. Hakuna aliyeuona ukija. Dakika kumi kabla maji yalikuwa kioo, sasa yana povu jeupe. Gati letu liko kusini magharibi. Nikageuza boti kuelekea huko moja kwa moja, nikaongeza kasi. Mawimbi yalitupiga ubavuni. La tatu liliingia ndani, likatujaza mpaka vifundoni, na pampu ya kutolea maji ikakoroma ikanyamaza.

"Imekufa," Kibet akasema. Alichukua ndoo akaanza kuyachota.

Boti ililala upande. Nilimwona Severin ameshika ukingo kwa ule mkono mmoja, na nikawaza kwamba akianguka jaketi litamweka juu lakini hataweza kuogelea, na mimi sijui kuogelea kabisa. Nikaongeza kasi tena.

"Polepole," akasema Severin.

"Tunazama."

"Polepole. Mpe uso."

Sikuelewa. Alinyoosha mkono kuelekea kusini, mahali upepo ulikotoka, mahali ambapo sikutaka kwenda.

"Mpe uso, Apolonia."

Nilipunguza. Niligeuza boti ikayatazama mawimbi. Ilipanda, ikashuka, maji yakarukia kioo cha mbele, lakini hayakuingia ndani. Kibet alichota. Hakuja kuchukua usukani. Tulikwenda hivyo kama dakika hamsini, polepole kuliko mtu anayetembea, mpaka tukafika chini ya majabali ya upande wa Texas ambako upepo unapita juu.

"Sasa kulia," akasema Severin.

Tukafuata ukingo hadi gatini. Kibet alifunga kamba. Nilibaki nimeketi nimeshika usukani kwa sababu vidole vilikataa kufunguka. Severin akavifungua kimoja kimoja.

Nyumbani tulipika wale straipa wanne.

Presha yake jioni 130 kwa 80. Yangu, kwa kuwa kipimo kilikuwa mezani, 164 kwa 98.

Jumanne, 16 Septemba

Kwa Sheldon. Alimuuliza Severin alifanya nini mwisho wa wiki. Severin alielewa swali bila mimi kulitafsiri, nadhani kwa mara ya kwanza mbele ya Sheldon. Alikaa sawa kwenye kiti.

"Apolonia aliendesha boti," akasema. Kisha akanitazama. "Aliogopa."

Sheldon, ambaye hajui Kiswahili, akanigeukia na kalamu yake.

"Anasema mke wake aliendesha boti," nikamwambia. "Anasema mke wake aliogopa."

"Ni kweli?" akauliza Sheldon.

"Ni kweli."

Severin akaongeza neno moja: "Sana."

Na hilo pia nikalitafsiri.